Dau la Heshima

Kila asubuhi Mwalimu Mihayo alitoka nyumbani kwake Kisesa na kikapu cha ukindu kwenda kununua maandazi na maziwa ya chai. Kwa mtu mwingine hiyo ni safari ya kwenda na kurudi kabla maji hayajachemka. Kwa Mwalimu Mihayo chai ilisubiri, maana njia nzima alikuwa akisalimiwa. Alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya hapohapo mpaka alipostaafu akiwa mwalimu mkuu, na kila aliyepita mikononi mwake, awe dereva wa bodaboda, muuza nyanya au karani wa kata, alisimama, akatoa mikono mfukoni na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Wasichana walipiga goti pembeni mwa barabara hata kama kuna tope. Yeye aliwaitikia mmoja mmoja, "Marahaba, marahaba," bila haraka, kama mtu anayepokea kilicho chake. Mkewe Prudencia, Mhaya asiyependa chai iliyolala, alizoea kusema kwamba mumewe anakunywa shikamoo wakati wenzake wanakunywa chai.

Jumanne ile Mwalimu Mihayo alirudi na maandazi yangali ya moto.

"Mbona umewahi?" aliuliza Prudencia.

"Hakukuwa na watu."

Watu walikuwepo, tena ilikuwa siku ya gulio. Pale kijiwe cha bodaboda alikuwapo Mayala, kijana ambaye Mwalimu Mihayo alimfundisha kuandika jina lake mwenyewe. Mayala alimwona mwalimu anakuja, akashuka kwenye pikipiki kama kawaida, akavua kofia, akafungua kinywa na kusema, "Mambo vipi, Mihayo." Hakusema kwa dharau. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali, kisha akavaa kofia yake na kuendelea kufuta pikipiki. Watoto wa shule walimpita wakisema "Niaje." Mama Malimi, muuza dagaa, ambaye siku zote alimwamkia "Mwangaluka" kwa Kisukuma, alianza vizuri. "Mwanga..." alisema, neno likakataa kuendelea. "Mambo," akamalizia, na hapohapo akamwuliza kama leo atachukua dagaa au atapita tu.

Mwalimu Mihayo hakushangaa. Alijua shikamoo zake ziko wapi, maana ni yeye aliyezipeleka.

Alipostaafu alilipwa kiinua mgongo. Yeye na Prudencia walikwisha kukipangia kazi: kumalizia nyumba, ambayo sebule yake haikuwa na dari, na kumfanyia Selina, binti yao wa pekee, harusi inayoeleweka. Lakini mtu aliyeamka na kengele ya shule miaka yote hajui la kufanya saa nne asubuhi. Mwalimu Mihayo alianza kucheza karata kwenye simu. Kwanza alijaribu yale makasino makubwa yanayotangazwa redioni, akayaona hayana adabu. Ukikaa mezani unaitwa Mchezaji wa Nne, na ukiuliza swali unajibiwa na mashine. Ndipo alipokutana na kasino moja ndogo ya mtandaoni, isiyo na tangazo wala ofisi inayojulikana, yenye picha ya sangara aliyevaa taji. Ilikuwa na meza chache tu, na kwenye meza ya ishirini na moja alisimama binadamu kamili, msichana aitwaye Dorotea, mwenye kitambaa cha kijani mbele yake. Siku ya kwanza Dorotea alitazama moja kwa moja ndani ya simu na kusema, "Karibu mezani, Mwalimu Mihayo. Shikamoo."

Mwalimu aliitikia kwa sauti, ingawa alikuwa chooni. Choo chao kilikuwa nje, nyuma ya jiko, na ndipo mtandao uliposhika vizuri na mlango kufungwa kwa komeo.

Mchezo wenyewe ni wa kujumlisha. Unapewa karata, unaziongeza mpaka ukaribie ishirini na moja bila kuzidi, halafu mgawaji naye anafunua zake. Mtoto wa darasa la pili anaumudu, na ndiyo maana mtu mzima anadhani ataushinda. Kiinua mgongo kiliingia chooni kidogo kidogo, na hakikutoka. Siku kilipokwisha, Prudencia aliuliza kama malipo yametoka, na Mwalimu Mihayo akajibu kwamba faili lake limekwama Dodoma.

Prudencia hakuomba kuona barua wala namba ya faili. Katika ndoa yao nzima hakuwahi kumdai mumewe ushahidi, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Aliliingiza faili kwenye rozari ya jioni, baada ya wagonjwa na kabla ya marehemu. "Na faili la Baba Selina, Bwana, ulifungulie njia," alisali, na Mwalimu Mihayo, aliyepiga magoti kando yake, alisema "Amina." Kila alipoisema Amina ile, masikio yalimwaka moto.

Sasa Jumatatu, siku moja kabla ya maandazi ya moto, ujumbe uliingia kwenye simu: *Mteja wetu mpendwa, una dau la heshima. Bonyeza hapa.* Mwalimu Mihayo aliusoma mara mbili, machozi yakamlengalenga. Kuna mgeni wa heshima, aliwaza, na kuna shahada ya heshima, vitu ambavyo mtu hupewa bure kwa sababu anaheshimika. Akaona kumbe hata huko mbali wanajua yeye ni nani. Akabonyeza. Alipata kumi na tisa, akatulia nayo. Dorotea akafunua zake, zikawa ishirini.

"Pole, Mihayo," alisema Dorotea.

Jina lake lilipotajwa hivyo, tupu, bila mwalimu wala shikamoo, alihisi baridi miguuni kama aliyevuliwa viatu mbele za watu.

Jumanne ile, baada ya chai iliyowahi, alijifungia tena na kufungua meza. Dorotea alikuwa akigawa karata huku anaitikia. "Marahaba. Saba ya kopa. Marahaba, hujambo? Nane na saba, kumi na tano. Marahaba, mwanangu, simama, utachafua sketi." Nje, barabarani, watoto wa shule walikuwa wanatoka mapumziko. Shikamoo zote zilizokuwa njiani kumfuata mzee Mihayo zilikuwa zinafika kule.

Aliandika malalamiko kwa huduma kwa wateja, kwa Kiswahili kilichonyooka, na koma zake zote mahali pake. Alisema kwamba ameelewa dau la heshima kuwa ni zawadi. Jibu lilikuja mara moja: *Habari bro. Dau la pesa ni dau ambalo unaweka pesa. Dau la heshima ni dau ambalo unaweka heshima. Karibu tena.*

Alikaa na simu mkononi. Hii ilikuwa mada yake. Mwaka hadi mwaka alisimama mbele ya darasa la sita akifundisha a-unganifu, akiandika ubaoni *kikombe cha chai* na kuuliza kama ni kikombe chenye chai ndani au kikombe cha kunywea chai. Aliyekosea alisimama nyuma ya darasa mpaka kipindi kiishe. Selina mwenyewe aliwahi kusimama pale. Mwalimu Mihayo alijikuta ameinuka, amesimama wima ndani ya choo akiutazama ukuta, na alikaa hivyo muda mrefu.

Jambo lenyewe lisingekuwa kubwa kama si Jumamosi. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Bukoba kumtolea Selina mahari, na posa ni salamu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Upande wa kijana hauwezi kuingia ndani, ukamwambia baba wa binti "Mambo," halafu ukatoa ng'ombe. Selina alikwisha kupiga simu mara kadhaa kutoka Mwanza mjini, kwenye benki anakofanya kazi, kuuliza kama baba ameandaa suti. Alitaka baba yake aketi kile kiti cha mbele. Tangu akiwa mdogo alikuwa akijigamba kwa wenzake kwamba kumsalimia baba yake lazima upange foleni.

Alhamisi Mwalimu Mihayo alirudi mezani. "Binti, nirudishie zangu," alimwomba Dorotea. "Nina ugeni."

"Mimi ni mwajiriwa tu," alijibu Dorotea. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka kwa kuitikia. "Watu wako wanasalimia kweli! Hata chai sijanywa. Ukizitaka, shinda. Heshima kwa heshima. Ya mtu wa ndani ya nyumba pia inakubalika."

Mwalimu Mihayo alichungulia kwenye ufa wa mlango. Prudencia alikuwa jikoni akipepeta mchele wa wageni. Mtoto wa jirani alitumwa na mama yake kurudisha kinu, akasimama mbele ya ungo na kusema, "Shikamoo, bibi." Prudencia akamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu, umekua," na akampa mkononi punje za mchele atafune. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo ya kanisa. Aliwahi kuwa muuguzi, na nusu ya watu wa mtaa ule aliwapokea yeye walipokuwa wanazaliwa.

Safari hii Mwalimu Mihayo alielewa vizuri hiyo *la* ya *dau la heshima* ni ya nini. Hawezi kusema hakuelewa. Alijiambia kwamba ni kwa dakika moja tu, kwamba atashinda na kuzirudisha zote mbili kabla mchele haujaisha kupepetwa. Akabonyeza. Alipata ishirini, akatulia nayo. Dorotea alifunua mfalme na rea, kumi na kumi na moja.

"Ishirini na moja," alisema. Kisha akageuza uso pembeni kidogo. "Marahaba, mjukuu wangu."

Jioni Prudencia alirudi kutoka jumuiya. Aliweka kitabu cha nyimbo juu ya kabati, akakaa bila kuvua mtandio. Wanawake wote walimwambia "Mambo," alisema. Hata wale wasichana wa kwaya. Alipofungua sala, mmoja alimwambia, "Endelea tu, shosti."

"Baba Selina," alisema, "mimi nimemkosea nani?"

Kwa Kisukuma, mihayo ni maneno. Mwalimu Mihayo alilitafuta neno moja kati ya yote aliyowahi kufundisha, akaliona lilipo, akaliacha hapo. "Watu wa siku hizi hawana adabu," alijibu. Alijichukia hata kabla hajamaliza kusema.

Prudencia hakuridhika na jibu hilo, maana hakuzoea kulaumu watu. Ijumaa alikwenda kuungama. Aliungama majivuno, akaungama kwamba mwaka jana alimnyima jirani chumvi akasema imekwisha, akaungama na mambo mengine ya ujana ambayo alikwisha kuyaungama zamani. Alisali malipizi yake yote akiwa amepiga magoti sakafuni, si kwenye ubao. Alipotoka nje ya kanisa, watoto wa kipaimara walimpita wakasema, "Oya, vipi." Alirudi nyumbani akaanza kukumbuka dhambi upya.

Wakwe walishuka kwenye meli ya Bukoba Jumamosi asubuhi wakaja Kisesa na magari mawili. Walileta mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna ndani ya vifuko vya majani, na senene waliokaangwa vizuri. Msemaji wao alikuwa Byabato, wakili kijana mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Mwalimu Mihayo aliwapokea mlangoni na suti yake ya kustaafia. Byabato alimtazama kwa wema, akampa tano. "Mambo, kaka," alisema. "Wenye nyumba tumewakuta?"

"Karibuni," alisema Mwalimu Mihayo.

Waliingia, wakasimama sebuleni chini ya mabati yasiyo na dari, bila kukaa, maana mgeni wa posa hakai kabla ya kumwamkia mwenye nyumba. Walitazama huku na huku. Prudencia alitoka na gauni lake jipya la kitenge, na kijana mmoja wa upande wa wageni akamwambia, "Dada, maji ya kunawa yako wapi?" Prudencia alimtazama mumewe. Kisha akaenda kuleta jagi na beseni, akawanawisha vijana wale mikono mmoja mmoja, hao ambao umri wao ulikuwa wa watoto aliowazalisha.

Hapo ndipo alipoingia Masele, mdogo wake Mwalimu Mihayo, dereva wa bajaji wa Nyamagana. Alikuwa amevaa kandambili na amechelewa kwa makusudi, ili afike wakati wa pilau. Ukoo mzima ulimjua Masele kwa kukopa na kusahau. Wageni walipomwona, wote waliinamisha vichwa.

"Shikamoo, baba," walisema kwa pamoja.

Masele aligeuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. "Marahaba," alisema, akajaribu kuchomeka shati.

Wazee wa ukoo wa Mihayo, waliokuwa wamekaa pembeni, walinong'ona kidogo na kuona hakuna kilichoharibika. Baba mdogo ni baba. Alipelekwa kwenye kiti cha mbele.

"Kaka," Byabato alimwambia Mwalimu Mihayo, "hebu tusogezee hicho kiti, mzee akae vizuri."

Mwalimu Mihayo alikisogeza.

Mazungumzo yalikwenda salama. Masele aliitikia kwa kichwa kila alipotajiwa idadi ya ng'ombe, na mara mbili alipandisha, jambo lililowafurahisha wote. Ndipo shangazi alipomtoa Selina ndani, amefunikwa khanga, kwa sababu binti mwenyewe sharti aulizwe mbele ya baba yake kama mahari yapokelewe. Shangazi akamfunua uso. Selina hakutazama kiti cha mbele. Alivuka sebule yote mpaka pembeni mlangoni, alikosimama baba yake na suti ya kustaafia, akapiga magoti yote mawili kama alivyofundishwa na bibi yake, akainamisha kichwa.

Selina alifungua kinywa, akafunga. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alijaribu tena, na machozi yakaanza kudondoka kwenye khanga.

"Mambo," alisema.

Mwalimu Mihayo alimtazama mwanawe aliyepiga magoti. Kwa salamu ile, Kiswahili kina jibu moja.

"Poa," alijibu.

Selina alijifuta uso, akageuka akiwa bado magotini, akamwelekea baba yake mdogo. "Shikamoo, baba," alisema, na neno likatoka bila shida. "Mahari pokeeni." Vigelegele vilipigwa, na Prudencia, jagi mkononi, naye alipiga, kwa sababu binti yake alikuwa ameposwa.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu, wawahi meli ya kurudi. Selina alipanda gari lao mpaka mjini. Aliaga kwa kupunga mkono, hakushuka tena. Masele alikwenda zake na bahasha ya pesa za mahari, akaahidi kuileta Jumatatu. Prudencia alivua gauni jipya, akafunga khanga, akakaa nyuma ya jiko na sufuria za pilau na majivu ya kusugulia.

"Labda faili likitoka," alisema. "Tukiweka dari. Pengine watu wanatuona tumekaa ovyo."

"Litatoka," alisema Mwalimu Mihayo.

Alisimama pale kidogo akitazama mikono ya mkewe iliyojaa majivu. Angeweza kusema wakati ule. Hakukuwa na mgeni wala jirani, na yeye Prudencia asingepiga kelele. Aliingia chooni, akafunga komeo, akafungua simu.

Dorotea alikuwa mezani. Alikuwa msichana mdogo kuliko Selina, na sasa alikuwa na heshima ya nyumba nzima. Alimtazama na kusubiri, kama watu wenye shikamoo wanavyosubiri. Mwalimu Mihayo alisafisha koo.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alisema Dorotea. "Karibu mezani, mwanangu."

Nje, sauti ya kusugua ilikoma.

"Unaongea na nani huko?" aliita Prudencia.

"Na watu wa Dodoma."

Prudencia alikuwa amemsikia mumewe akimwamkia mtu kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuusikia kwake, na akajua basi anaongea na mkubwa.

"Wasalimie sana," alisema, akaendelea kusugua sufuria.